Mikwaruzo Ndani ya Sanduku la Mwaloni

Mashine ya kamari ya Bi Graxi Etchart ilifika kwenye gereji ya Noreen Vasko, mjini Sparks, Jumatatu moja ya mwezi wa Machi. Ilikuwa imeviringishwa kwa mablanketi mawili ya farasi na kukazwa kwa kamba, kama kondoo anayesubiri kukatwa manyoya. Dereva aliyeileta alisema mwenye mashine ameagiza isilazwe ubavu, na kwamba njia nzima kutoka Winnemucca aliendesha polepole kama aliyebeba mgonjwa.

Noreen alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa mashine za kamari katika kasino moja ya Reno, mpaka siku mashine zilipokoma kuwa na meno na springi, zikabaki vioo vinavyowakawaka. Siku hiyo alifunga sanduku lake la vyombo na kurudi nyumbani. Tangu hapo alitengeneza mashine zilizomzidi yeye umri: zile za mkono wa kuvuta, zenye magurudumu matatu yanayozunguka na kusimama moja baada ya jingine. Watu wa mbali walimtumia picha ili awaambie mashine zao ni za mwaka gani, naye akisema mwaka, hakuna aliyebisha.

Alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, hakuna mashine inayoguswa na bisibisi kabla haijapigwa picha nje na ndani. Ya pili, fundi haachi alama yake. Alipenda kusema kwamba fundi mwema ni yule ambaye ukifungua kazi yake, humwoni.

Bi Graxi hakuwa amemweleza mengi. Kwenye simu alizungumza kwa sentensi fupi, kwa maana masikio yake ya miaka themanini na minne hayakuipenda simu. Hoteli yake ilikuwa moja ya zile nyumba za zamani ambako wachunga kondoo wa Kibaski, wahamiaji kutoka Ulaya, walipanga vyumba majira ya baridi, wakala pamoja kwenye meza ndefu, bakuli likipita kutoka mkono hadi mkono. Mashine ilikaa kwenye kona ya baa tangu enzi za baba yake, Piarres Etchart. Ilikuwa imekwama kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwezi wa Juni wajukuu wangekusanyika kwa sherehe ya ukoo, naye alitaka mkono wake uvutwe tena. Alitaka pia kadi ndogo ya kuweka juu yake, iseme ni ya mwaka gani. Nyumbani walisema baba aliinunua mwaka 1934, mwaka aliozaliwa yeye.

Noreen alianza na mwaka, kwa sababu ndiyo sehemu ya kazi aliyoipenda kupita zote. Mashine za aina hiyo zilipigwa namba mahali patatu: kwenye ukingo wa uso wa mbele wa alumini, kwenye kitako cha chuma cha mtambo, na kwenye ubao wa chini wa sanduku. Mbili za kwanza zilifanana. Kwa orodha ambayo wapenzi wa mashine hizi wameijenga wenyewe kwa kulinganisha namba na namba, zilikuwa za mwaka 1929. Ya tatu haikuonekana. Ubao ulikuwa umepakwa rangi mara mbili na kusuguliwa na mtu fulani zamani, ukawa laini kama goti la suruali kuukuu.

Kwa hilo kulikuwa na njia. Alilowesha kitambaa, akakitandaza juu ya ubao, akapitisha pasi ya moto. Muhuri wa chuma unapogonga mti hauchongi tu. Huzibana nyuzi za chini. Hata ukisugua mpaka uso uwe sawa, nyuzi zile hubaki zimebanwa, na zikinywa mvuke hufura na kuinuka. Tarakimu zilijitokeza moja moja, kama vipele kwenye ngozi yenye baridi. Akazisoma, mti ukakauka, zikazama. Aliporudia ili kuhakikisha, zilikuja kwa unyonge. Mara ya tatu, tarakimu ya mwisho haikuja kabisa.

Namba ya sanduku haikufanana na zile mbili. Sanduku lilikuwa la 1931. Hilo halikumshangaza. Wenye mashine wa zamani walibadilishana miili ya mashine kama watu wanaoazimana makoti. Sanduku moja likipasuka, mtambo ulihamishiwa kwenye jingine na biashara ikaendelea. Aliandika yote mawili kwenye daftari lake.

Kosa alilitenda Jumatano.

Alikuwa amepiga picha za nje tu, betri ya kamera ikaisha. Akaichomeka kwenye umeme na kukaa kuisubiri. Asubuhi ilikuwa na jua, mikono ilikuwa na hamu ya kazi, na sanduku tupu la mwaloni lilikuwa mbele yake. Akajiambia kwamba ndani ya sanduku hakuna cha kupiga picha. Ukuta wa kushoto ulikuwa na mikwaruzo myembamba kama unywele, mstari chini ya mstari. Alikuwa ameona ya namna hiyo katika mamia ya masanduku: mtambo unapotolewa na mtu mwenye haraka, pembe ya chuma hukwaruza ubao. Mkwaruzo mmoja ulifanana na herufi P. Aliuona, akatabasamu, akachukua msasa.

Kazi ilimchukua dakika arobaini. Alipopuliza vumbi, ukuta ulikuwa safi, rangi ya ganda la mkate.

Siku zilizofuata alizitumia kwa mtambo. Alibadilisha springi mbili, akasafisha kifeni kidogo kinachodhibiti mwendo wa magurudumu, akanyoosha kidole cha shaba kilichokuwa kimepinda na ndicho kilichokuwa kimekwamisha kila kitu kwa miaka arobaini. Kanda za karatasi kwenye magurudumu aliziacha zilezile, na picha zake za kengele na za plamu, na ile picha ya pakiti ya chingamu iliyobaki kutoka zama ambapo wenye mashine walidai kwa uso mkavu kwamba hawachezeshi kamari bali wanauza chingamu. Kilichobaki kilikuwa kupaka vanishi ndani ya sanduku, nayo aliipangia Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Jumanne Bi Graxi akapiga simu. Aliuliza kama Noreen ameshayaona maandishi.

Noreen akauliza maandishi yapi.

Hapo bibi, ambaye hakuwahi kusema sentensi tatu mfululizo, alizungumza kwa muda mrefu. Kabla ya hoteli, baba yake alichunga kondoo milimani miaka sita. Wachungaji huko juu huandika kwenye miti ya gome jeupe: jina, mwaka, kijiji alikotoka mtu, na pengine neno moja la upweke. Hawachongi. Ukichonga, mti unaoza. Hukwaruza tu kwa ncha ya kisu, wembamba wa unywele, na siku ile mwandishi mwenyewe haoni alichoandika. Mti ndio unaofungua maandishi kadiri unavyonenepa, mwaka hadi mwaka, mpaka herufi zinakuwa pana kama kidole. Kichaka chenye miti ya baba kiliungua mwezi wa Agosti uliopita, chote. Vitabu vya hoteli viliandikwa na mama. Barua hakuwahi kutuma. Kilichosalia cha mkono wa baba kilikuwa ndani ya ile mashine, kwa sababu kila vuli, alipoifungua kuitia mafuta, alikwaruza mstari mmoja kwa mkono uleule wa milimani. Bi Graxi aliwahi kuyaona mara moja tu, akiwa na miaka kumi, kwa mwanga wa tochi.

"Ni membamba sana," akasema. "Lazima uyatafute."

"Nitaangalia, Bi Graxi," Noreen akasema.

Akakata simu na kubaki amesimama. Hakukuwa na cha kuangalia, naye alijua hivyo tangu bibi alipotaja ncha ya kisu.

Mchana wa siku ile alipita Lamar Tisdale, waliyefanya naye kazi kasino, ambaye sasa alinunua na kuuza mashine kuukuu na kunywa kahawa ya watu. Noreen alimweleza yote, kwa kuwa hakuna mwingine ambaye angeelewa bila kuelezwa msasa ni nini. Lamar alisikiliza huku akizungusha gurudumu kwa kidole.

"Namba ya sanduku na ya mtambo hazifanani, umesema?"

"Hazifanani."

"Sasa unalia nini, dada yangu? Mwambie sanduku si la baba yake. Lilibadilishwa. Hapo umesema uongo wapi?"

"Niliona P, Lamar."

"Uliona mkwaruzo. Pikapu yangu ina mkwaruzo unaofanana na Texas, na sijasikia mtu akisema umechorwa na gavana."

Noreen alicheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Lamar alipoondoka, aliyafikiria maneno yale kwa makini, kama alivyofikiria kila kitu. Kila neno lake lilikuwa kweli. Namba hazikufanana. Sanduku lilibadilishwa. Bibi angeamini, kwa kuwa maisha yote ya Noreen yalisimama juu ya jambo hilo moja: akisema mwaka, watu huamini. Angeumia kidogo, angesema hata hivyo asante, na wajukuu wangevuta mkono mwezi wa Juni. Ila kuanzia hapo, kila mwaka ambao Noreen angeusema ungekuwa umesemwa na mtu anayejua kuzipanga kweli mpaka zikae kama uongo.

Macho yake yakaangukia pasi.

Alikaa chini. Muhuri hubana nyuzi. Ncha ya kisu huzikata. Lakini mwaloni ni mti mgumu, na ncha isiyo kali haikati tu, inabana pia. Pengine kitu kilibaki chini ya pale msasa ulipoishia. Angeweza kujaribu kwenye kona moja, sasa hivi, kabla ya kumwambia mtu yeyote. Lisipotoka lolote, angejua anasimama wapi. Akalowesha hata kitambaa. Kisha akakumbuka tarakimu zile na jinsi zilivyopungua kila mara. Kama kulikuwa na herufi zinazoweza kuinuka mara moja, mtu wa kuziona hakuwa yeye.

Akakining'iniza kitambaa kikauke, akapiga simu.

Alisema moja kwa moja, bila kuzungukazunguka, kwamba maandishi yalikuwepo, kwamba aliyaona, na kwamba ameyasugua.

Upande wa pili sahani zilikuwa zikipangwa.

"Umesugua," Bi Graxi akasema.

"Nilidhani ni mikwaruzo."

"Ni mikwaruzo. Baba alikuwa anakwaruza. Si ndicho nilichokueleza?"

Noreen akaeleza habari ya pasi na mvuke, akisisitiza zaidi yale yanayoweza kushindikana. Bibi alimwacha amalize. Kisha akamwambia asiguse kitu, anakuja.

Alikuja Alhamisi, saa nne asubuhi, akiendesha mwenyewe pikapu ya kijani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya mtu aliyebeba masufuria miaka sitini. Mkononi alikuwa na mkate mkubwa wa mviringo umefungwa kwa kitambaa. Aliuweka juu ya meza ya vyombo, kati ya bisibisi.

"Siingii nyumba ya mtu mikono mitupu," akasema. "Lakini usidhani ni wa kukushukuru."

"Sidhani, Bi Graxi."

Akaliendea sanduku. Alipitisha kiganja kwenye ukuta wa kushoto, taratibu, juu hadi chini, kama anayepapasa shavu la mtoto kujua kama lina homa. Noreen alimweleza tena: huenda lisitokee lolote, likitokea, litakaa dakika chache, likirudiwa, litakuwa dhaifu zaidi, na baada ya mara mbili tatu litakuwa limekwisha. Kwa hiyo ni yeye aamue waanzie wapi.

Bibi alifumba macho. Tochi, alisema, ilikuwa inamulika hapa. Akaweka vidole karibu na mlango wa nyuma, kimo cha kiganja kutoka juu.

Noreen alilaza taa ubavuni ili mwanga upite juu ya ubao kama jua la asubuhi juu ya theluji, na vitu vidogo viweke vivuli. Akatandaza kitambaa. Pasi ilipogusa, mvuke ukapanda na harufu ya pipa la mvinyo ikaijaza gereji. Alihesabu hadi ishirini, akakiinua.

Hapakuwa na kitu. Mti uliolowa, basi.

Bi Graxi hakusogea.

"Chini kidogo," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa mfupi."

Noreen akashusha kitambaa kwa upana wa mkono. Alipokiinua mara hii, ubao ulikuwa na mshipa. Kisha mishipa miwili. Kisha P, ileile aliyoitabasamia, ikiwa na tumbo dogo na mguu mrefu. Baada yake E, T, C, halafu pengo. Chini yake 1, 9, 3, na ya nne haikuja. Waliisubiri wote wawili wakiwa wameinama, vichwa vyao vikikaribia kugongana, nayo haikuja.

Bi Graxi alikuwa amekuja na karatasi nyembamba ya kufungia soseji. Akailaza juu ya mti na kupitisha penseli kwa ubavu, bila haraka, na karatasi ikachukua kila kilichoinuka. Noreen alipiga picha; betri safari hii ilikuwa imejaa. Wakashuka chini zaidi. Kulikuwa na neno moja la Kibaski lililotoka zima, na chini yake neno lilelile tena, likifuatwa na 1941.

"Anasema nini?" Noreen akauliza.

"Theluji." Akasogeza penseli. "Na hapa, theluji."

"Hayo tu?"

"Ulitaka aandike nini, hotuba? Ilikuwa vuli. Theluji iliwahi." Lakini sauti yake ilikuwa imelowa kama ule ubao, na alichelewa kuinua kichwa.

Mstari wa mwisho uliotoka ulikuwa na herufi moja peke yake, G, iliyoandikwa kubwa kuliko nyingine. Bibi aliitazama kwa muda mrefu kuliko zote.

"Inawezekana ni mimi," akasema. "Inawezekana pia ni Gorri, mbwa wake. Alimpenda sana yule mbwa."

Baada ya dakika kama kumi na mbili herufi zilianza kurudi ndani. Hazikufutika kwa pamoja. Kwanza ilizama ETC, kisha miaka, na theluji ya pili ikabaki kwa muda peke yake. Noreen alisema wanaweza kurudia sasa, wakitaka, ila angependelea wasirudie. Bi Graxi alikunja karatasi yake mara nne, akaitia kifuani. Akasema mara zilizobaki zitunzwe mpaka Juni. Wajukuu wako tisa, wasimame wote pamoja waone mara moja, halafu basi.

Akauliza kuhusu kadi. Noreen akafungua daftari. Mtambo ni wa 1929, sanduku ni la 1931, na mtu fulani aliviunganisha, hajulikani nani wala lini. Sanduku lilikuwa mikononi mwa Piarres Etchart tangu miaka ya thelathini, hilo sasa lina ushahidi.

"Na 1934?"

"Siwezi kuithibitisha. Siwezi kuikataa pia."

"Basi andika hivyohivyo. Andika hujui."

Noreen hakuwahi kuandika neno hilo kwenye kadi yoyote. Aliliandika. Kisha akasema kwamba ndani hatapaka vanishi, na bibi akaitikia kwa kidevu, kama jambo lisilohitaji kusemwa.

Wakati Noreen anajiandaa kurudisha mtambo ndani, Bi Graxi alimzuia. Alitoa mfukoni kisu kidogo cha kukunja, mpini wake umelika, akamnyooshea.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Jina, mwaka, na ulichofanya. Milimani anayepita huandika chini ya aliyemtangulia."

Noreen akamweleza kanuni yake, kwamba fundi haachi alama.

"Ndiyo maana hujui nani aliyebadilisha sanduku," Bi Graxi akasema. "Naye alikuwa fundi mwema kama wewe."

Noreen akachukua kisu. Aliinama ndani ya sanduku, chini ya pale ilipozama ile G, akaanza kwa mkono mwepesi, kwa kuwa mikono yake haikuzoea kuumiza mti. N. VASKO, akaandika. 2018. Halafu akasita, kisha akaandika neno la tatu: NILISUGUA. Mistari ilikuwa myembamba kama unywele. Ukisogeza taa kidogo, huioni.

Bi Graxi aliinama kando yake, akatazama, akatikisa kichwa.

"Bonyeza," akasema. "Mti huu haukui tena."

Noreen akarudi kwenye herufi ya kwanza, akabonyeza.